Springi Ngumu na Pampu Niliyoiacha Jikoni

Alhamisi, alasiri. Rasharasha ilikatika tangu saa nne, lakini mawingu bado yameikalia Kilindoni. Nimekaa uani na simu mkononi. Neno "rasharasha" nimeliandika mara tatu kabla halijakaa sawa.

Sina hamu ya kuandika. Ila nisipoandika leo, kesho nitakuwa nimeshajitungia hadithi nyingine ambayo mimi sina kosa, na kwa kujidanganya sina mpinzani kisiwa hiki chote.

Mnaonisoma mnalijua gari langu. Mmelichoka, hata. Lile dogo la Kijapani, jekundu, lenye tundu la kuvutia hewa juu ya boneti, nililolivusha kutoka bara mwaka jana huku mke wangu, Mama Neema, akinitazama kama mtu ninayenunua ngamia. Ndiye mimi: mwalimu wa fizikia, miaka arobaini na tisa, kitambi kinatangulia, anayeishi Mafia. Aliniuliza swali moja tu: "Unakimbilia wapi?"

Mpaka leo sijamjibu.

Mwezi uliopita nikaliongezea wazimu. Nikaagiza springi fupi, ngumu, pamoja na shokapu zake, na matairi mapana ambayo mpira wake ni kidole tu kati ya ringi na barabara. Yote mtumba, yote yalikuja kwa boti yakiwa ndani ya viroba. Fundi Bakari, ambaye riziki yake hasa ni injini za boti, aliyafunga kwa siku mbili. Mashine ya kunyoosha magurudumu hatuna hapa, basi akatoa mshipi wake wa kuvulia, akauvuta kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, akafumba jicho moja, akakaza, akalegeza, akafumba tena. Mimi mwenye shahada nikacheka. Kumbe mshipi haukosei. Gari likanyooka kama limechorwa kwa rula.

Nikalijaribu barabara ya Utende asubuhi moja palipokuwa hapana mtu. Kuna kona ambayo zamani nikiiingia kwa mwendo kidogo, gari lilikuwa linalala upande kama linataka kuniambia siri. Safari hii likapita tuli, limeikamata lami. Nilipiga kelele peke yangu humo ndani. Nikajiona nina miaka ishirini na mitano.

Hapo ndipo nilipoanza kuharibika.

Maana springi ngumu hazikufichi kitu. Kila kokoto unalisikia kiunoni, na kila kilichomo kwenye buti kinapiga ngoma. Jeki niliifunga kwa kamba ikatulia. Pampu ya kukanyaga kwa mguu ikakataa kutulia, kang'a kang'a kang'a, njia nzima. Juzi nikaitoa, nikaisukumia chini ya meza ya jikoni. Gari likanyamaza. Nikafurahi kama mjinga, na sasa naona "kama" sikulihitaji.

Hapa kwetu pampu si pambo. Ukitoka kwenye lami unaingia mchangani, na mchangani unapunguza upepo ili matairi yatandazike yashike. Ukirudi kwenye lami, kabla hujafanya lolote, unajaza. Hata madereva wanaogombana na kila sheria ya barabarani hili hawaligombi.

Sasa Mzee Shamte. Ni jirani yangu, fundi cherehani, suti yangu pekee inayonikaa vizuri aliishona yeye. Jumamosi anaoza binti yake, Mwanaidi. Wiki hizi binti yuko ndani kwa bibi yake Ndagoni, anasingwa na kufundwa, na Jumamosi ataletwa mjini kwa mumewe. Mzee alikuja mwenyewe kunitaka nikamchukue. "Nataka mwanangu aingie mjini kwa gari linalonguruma, Mwalimu. Bajaji hata samaki wanapanda." Nilikubali kabla hajafunga mdomo.

Leo asubuhi tukaenda kuijaribu njia, naye amepakata gauni la harusi aliloshona mwenyewe, akampimishe bintiye. Lami ilikuwa safi. Mzee kashika mpini wa juu ya mlango, anasoma dua kidogo kidogo, kisha ananiambia, "Mwalimu, hili gari linakimbia kama limeibwa." Nikacheka. Nikakanyaga zaidi. Nawaambia ukweli: nikakanyaga zaidi.

Kwenye mchanga nikashusha upepo matairi yote manne. Hata hivyo tumbo la gari lilikuwa linalima, maana nimelishusha chini kwa uzuri. Nyuma yetu tuliacha tuta la kutosha kupanda mihogo. Tukafika. Mzee akaingia ndani na gauni, mimi nikabaki nje kama ilivyo adabu. Nikasikia wanawake wanashangilia, halafu sauti ya msichana: "Baba, umelibana kiunoni!" Na Mzee: "Nimekuacha ule wali wa bibi yako wiki tatu, kosa langu liko wapi?" Kicheko. Nilisimama pale najisikia mtu muhimu.

Tuliporudi kwenye lami, Mzee akaniuliza.

"Mbona hurudishi upepo?"

Pampu iko jikoni. Ningesema hivyo tu. Ningesema, Mzee, nimeisahau, twende polepole kama jeneza mpaka mjini. Badala yake ulimi wangu ukasema, "Haya matairi ya kisasa, Mzee. Yanajitosheleza."

Akaamini. Mimi ni mwalimu.

Na ili uongo usionekane, nikaendesha kama mtu asiye na wasiwasi. Kona moja ya kulia penye minazi nikaiingia kwa mwendo wangu wa kila siku. Springi zikafanya kazi yake, gari halikulala hata kidogo. Uzito wote ukaliangukia tairi la mbele kushoto, na tairi lile halikuwa na upepo wa kuubeba. Nikasikia mlio kama mtu anachana turubai. Tairi likachomoka kwenye ringi. Usukani ukawa mwepesi mikononi, mwepesi kabisa, kama wa gari la mtoto. Nakata kulia, gari linakwenda mbele. Lami ikaisha. Majani. Makuti. Nikaona mnazi unakuja, na hauji upande wangu.

Nimefundisha miaka ishirini na minne kwamba kitu kilichokwisha shika njia yake hakikati kona kwa kuombwa. Leo nilikiomba.

Tukasimama. Kati ya mlango wa Mzee na mnazi palikuwa na shubiri moja. Nimepima kwa mkono wangu mwenyewe, baadaye, nikidhani hakuna anayeniona.

Mzee alisema "Inna lillahi," kisha akalipapasa goti lake kama anatafuta sindano. Wanawake wawili waliokuwa wakifua nazi shambani wakaja mbio, na mmoja alipoona wote tuko wazima akasema, "Baba zangu, nazi hukwewa. Hazianguliwi kwa gari." Mzee akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikuweza. Nilikuwa nimeshika usukani bado, gari limezimika.

Watu wakaongezeka, kila mmoja anataka kujua imekuwaje. Nikamsikia Mzee akiwaambia, "Kona hii ina wenyewe tangu zamani. Mwalimu kajitahidi sana." Alikuwa ananisitiri kwa kuwasingizia majini. Na mimi nikaitikia kwa kichwa, kweli, kona ina wenyewe.

Fundi Bakari alikuja na pikipiki na pampu yake. Wakati huo Mzee alikuwa kivulini, kapewa dafu. Bakari hakuliangalia hata lile lililotoka. Alibonyeza kwa dole gumba haya matatu yaliyobaki, akainama kwangu. "Mwalimu, matairi yako yamefunga?" Nikajifanya naikagua ringi. Akasema tena, chini kwa chini, bila utani: "Basi usije ukasema ni mshipi wangu."

Aliponishusha Mzee, samahani, nilipomshusha yeye (mnaona hali yangu), alinishika bega. "Jumamosi saa tisa, Mwalimu. Usichelewe."

"Sichelewi, Mzee."

Nimeingia nyumbani nikakaa jikoni. Mama Neema akanitazama, akatazama chini ya meza, na kwa kuwa ameishi nami miaka mingi hakuhitaji maelezo marefu. Nilimweleza hata hivyo. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliuliza tu, "Mzee Shamte anajua?"

Nikavaa viatu nikatoka.

Hatua ni arobaini kutoka kwangu hadi kwake na nilizihesabu zote. Nilikuta anashona, tepu shingoni. Nikamwamkia shikamoo mara ya pili kwa siku moja, akaitikia marahaba kwa mshangao. Nikasema yote nikiwa nimesimama. Pampu. Kelele za buti. Matairi ya kisasa.

Cherehani ikasimama.

"Mimi nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza, Mzee."

"Nikawaambia watu ni kona."

"Ndiyo, Mzee."

Akakanyaga cherehani, akashona mstari mmoja mrefu mpaka mwisho wa kitambaa, akakata uzi kwa meno. Hakuwa amekasirika, au kama alikasirika, hasira alizishonea humo. Akasema, "Mwanangu ataletwa na bajaji. Wewe njoo ule pilau na mkeo." Kisha, kwa kuwa ni muungwana kuliko mimi: "Na asante kwa kuja."

Nilirudi zile hatua arobaini bila kuzihesabu.

Kesho asubuhi nitampelekea Bakari springi za zamani anirudishie. Kona nimeshazipita za kunitosha. Na nitapita kwa wale wanawake wa shambani niwaambie kona yao haina wenyewe, wasije wakaanza kuiogopa bure kwa ajili yangu.

Nilidhani nikishakiri nitatulia. Sijatulia. Nimeketi hapa nafikiri, najua sababu, na ndiyo maana sikutaka kuandika. Tairi lile lilikuwa lazima litoke. Lisingetoka leo, ningerudi nyumbani nikisifu matairi ya kisasa, na pampu ingebaki ilipo, kwa sababu nani anataka kelele za pampu kwenye gari la harusi? Ningekwenda Ndagoni saa tisa, ningeshusha upepo, wanawake wangepiga vigelegele, nami ningerudi kwenye lami nikitaka kila mtu alisikie linavyonguruma.

Bibi harusi hukaa nyuma, kushoto. Upande wa mnazi.