Mzaramo Aliyebaki Kwenye Kioo Cheusi

Kibwana, mtani wangu,

Umelala tu huko, Mzaramo wewe, na kazi yote umeniachia. Siku ya maziko yako pale Gongoni nilizuia jeneza mlangoni, kama utani wetu unavyotaka. Nikasema haliendi popote mpaka nilipwe, maana babu yangu Mnyamwezi alibeba mizigo ya babu yako kutoka hapa bara hadi pwani, na ujira hatujauona. Watu walicheka huku wanalia. Mimi nilicheka kuliko wote, kisha nikaenda nyuma ya nyumba kulia peke yangu.

Sasa sikiliza habari. Ile programu yetu ya kuagizia dawa za zahanati, mimi na binti yako Zuhura tumeibishania sana. Unajua ulivyopenda wewe: kioo cheusi cha kompyuta, unaandika amri mwenyewe, mashine inatii. Ulikuwa hivyo tangu ujana wetu stesheni ya Kigwa, miaka ya Ujamaa, ukigonga telegrafu na kupiga mluzi wakati mimi nimepanga foleni ya sukari yako na yangu. Ulikuwa ukisema, "Mashine ni mtani, huambiwa usoni."

Zuhura anataka kiolesura. Muuguzi awe na programu yake kwenye simu, nayo iulize yetu kwa maneno yaliyokubaliwa. Ikikosea, ikataliwe kwa adabu kabla haijaharibu kitu. Nikamwambia huo ni ushenga. Akanijibu taratibu, "Ndiyo, baba mdogo. Kwako mashine ni mtani. Kwa muuguzi wa kijijini ni mkwe."

Damu yako hiyo.

Nilinuna, Kibwana. Nilikutetea hata pale nilipojua huna haki. Niliogopa. Niliona tukizifuta amri zako nakuzika mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu. Lakini mwezi uliopita nililala na homa, na zahanati moja ikakaa bila dawa za watoto, kwa kuwa amri zile tulizijua wawili tu na mmoja keshazikwa. Nilipopona nikamwita Zuhura, nikakubali.

Jana nikakaa kuziaga amri zako. Nikakosea moja ambayo sikuwahi kuikosea ulipokuwa hai. Kioo kikajibu kwa maneno uliyoyaficha humo:

"Mnyamwezi, tua mzigo, pumzika, kisha andika vizuri."

Nililia, mwanaharamu wewe. Zuhura alikuja mbio kuuliza kuna nini, nikamwonyesha, tukalia wote na kucheka.

Basi tumeelewana. Zahanati zitapita kwa mshenga. Ila amri hii moja haifutwi, nakuahidi, na Zuhura ameshaijua. Lala salama, Mzaramo. Nikizidiwa na upweke nitaikosea makusudi, unitukane kidogo.

Mpagazi wako,
Maganga