Madoa Meupe Kichwani mwa Zuhura

Temeke, Jumanne, 9 Aprili 1974

Mvua imenyesha tangu alfajiri, na mawazo yangu yamejaa tope kama uchochoro wetu.

Leo tumeonyeshwa picha ya eksirei ya kichwa cha mdogo wangu, Zuhura. Huu ni mwaka wa pili anaanguka kifafa. Kila mara nimeandika humu: siku, saa, alikuwa akifanya nini. Daktari amenisifu kwa kumbukumbu hizo. Nilidhani mtu aliyeandika yote hayo angekuwa wa kwanza kuelewa.

Sikuelewa.

Daktari aliiweka picha mbele ya taa. Fuvu, na ndani yake madoa meupe, madogo kama punje za mtama. Nilihesabu saba. Akasema yaelekea ni vifuko vya mnyoo wa nguruwe, vimekufa vikageuka chokaa, na huenda ndivyo vinavyomwangusha. "Huenda," alisema mara mbili.

Nguruwe! Sisi ni Waislamu wa Lindi. Nilimwambia hivyo kwa ukali kidogo, Mungu anisamehe. Akaeleza taratibu: anayekula nyama hiyo ikiwa haijaiva hupata mnyoo tumboni, na mayai ya mnyoo hutoka na choo chake. Mtu mwingine akiyameza, kwa mboga au kwa mikono isiyooshwa, yanaweza kumpanda kichwani. Akauliza Zuhura amewahi kuishi wapi. Zuhura akajibu kwamba alifundisha watu wazima kusoma katika kijiji cha ujamaa, miaka mitatu, akila mchicha na kachumbari za bustani ya pamoja.

Kwa hiyo aliyekula nguruwe huenda ni mzima, na asiyemla ndiye anayeanguka? Nimeisoma sentensi hii mara tatu.

Nilipomsimulia mama, aliacha kupepeta mchele.

"Nguruwe? Mwanangu mimi? Usilitamke tena humu ndani! Ijumaa mshenga akija, mwambie ni jini."

Mshenga anatumwa na Hamisi, fundi seremala wa Keko anayetaka kumwoa Zuhura. Tangu baba afariki, mwenye kujibu ni mimi. Ataniuliza kama binti ana maradhi. Nikisema jini, watasema ni la ukoo, litawafuata watoto. Nikisema yaliyo kwenye picha, kufikia Jumamosi mtaa mzima utasema tunakula haramu. Nikinyamaza, ataanguka mbele ya mumewe.

Zuhura alikuwa akitusikiliza, anachambua mchicha. Anauosha mara nne sasa.

"Bora jini, kaka," akasema. "Jini angalau huenda ni Mwislamu."

Tulicheka sote, hata mama.

Na hapa lazima nikiri jambo. Zuhura ana kikombe chake cha bluu, hakuna mwingine anayekigusa. Aliyekitenga ni mimi, nikiamini povu lake linaambukiza. Hilo nalo limo humu, kwa tarehe. Daktari amesema kifafa hakiambukizwi kwa mate. Jioni hii nimekinywea chai. Zuhura aliniona. Akaniongeza chai.

Na ule wa jini, ulikuwa mzaha tu, au alikuwa akinijibu nimwambie nini mshenga?

Nimemuuliza daktari. Nimemsikiliza mama. Mwenye kichwa chake sijamuuliza.

Kesho, kabla sijaenda kazini, nitamuuliza yeye anataka mshenga aambiwe nini.