Mvua Iko Kwenu

Mama,

Hamjambo huko Kitale? Hapa Kalemng'orok jua linawaka hadi kiti cha pikipiki hakikaliki. Jana jioni nilipiga hema kwenye laga, ule mto mkavu, maana mchanga wake ni laini kama godoro lako. Mama mmoja aliyekuwa akipitisha mbuzi akasimama, akanisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok. Toa nyumba yako. Hii ni barabara ya maji."

"Lakini mvua hakuna, mama."

Akanyoosha fimbo kwenye milima nilikotoka. "Iko kwenu."

Nikahama nikinung'unika. Kabla chai haijachemka, maji mekundu yakapita palepale nilipokuwa nimetandika, yamebeba matawi mabichi.

Kesho Lodwar, halafu Kakuma. Mvua ikinyesha huko, Mama, mshukuru Mungu, kisha unipigie simu.

Mwanao,
Wafula