Ndoo ya machicha

Jumanne

Nimemdanganya bwana mifugo, na punda wetu bado anaumwa.

Jana tulichuja pombe ya ulezi ya watu watakaokuja kutusaidia kuvuna. Machicha yakabaki ndoo nzima. Punda alikuwa ametoka kubeba mahindi, mgongo umelowa jasho, nikamwonea huruma nikampa yote. Mama mkwe ameshanikataza mara ngapi. Machicha ni ya nguruwe.

Leo asubuhi nimemkuta amelala, anageuza shingo kutazama tumbo lake, majani hataki. Bwana mifugo alipofika kutoka Matai alimsikiliza tumbo, akaniuliza, "Mama, amekula nini?"

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikajibu, "Majani tu, kama siku zote."

Kwa nini sikusema? Huyu ndiye anayetubebea maji, ndiye anayepeleka mahindi mashineni. Akifa, mimi ndiye niliye...

Alimchoma sindano ya maumivu, akaagiza tumtembeze taratibu na asile kitu mpaka apate choo. Nimezunguka naye uani mchana kutwa. Kila akitaka kulala, namvuta.

Jioni amepata choo kidogo. Mama mkwe akakipekua kwa kijiti. Kimejaa makapi ya ulezi. Akanitazama, nami nikatazama chini.

Akakifukia kwa mguu. "Mpigie bwana mifugo," akasema. "Mwambie amekula machicha, na kwamba mimi ndiye niliyempa."

Nimempigia. Nimesema hivyo hivyo.