Ile Picha Tuliyoiita Fifi

Kabula,

Mwangaluka, mwenzangu. Ni mimi Minza. Najua kusoma kwako kulikuwa kwa kidole, neno moja moja, kwa hiyo naandika polepole. Nina wivu. Nimekaa nao tangu matanga yako mpaka leo pamba imechanua tena, na nimechoka kukaa nao peke yangu.

Nianze na habari za hapa Bariadi. Unakumbuka tulivyokuwa tunakaa mkekani kwako kuchambua pamba, nyeupe huku, hiyo ndiyo safi, yenye madoa na takataka kule, hiyo ndiyo fifi. Ukizipeleka ushirika zimechanganyika unarudishwa nazo mbele ya watu. Sasa wamekuja wanunuzi wa makampuni, kila mmoja na mzani wake, wanatugombania kama wachumba, na wananunua zote pamoja. Juzi nimepeleka yangu nimeichambua mpaka macho yanauma, mtu wa mzani akaimwaga juu ya fifi ya jirani, akaniuliza nimenuna nini. Nilikutamani pale. Mimi matusi yangu ya Kisukuma hayana ladha kama yako.

Kile kibanda cha video nyuma ya soko bado kipo. Mwenyewe amenunua televisheni kubwa zaidi, lakini picha ni zile zile. Nilikwenda Jumamosi moja baada ya gulio, nikakaa benchi letu la nyuma. Steringi alipigwa risasi sita akapanda ukuta. Nikageuka upande wako. Nilitaka nikusikie ukisema, "Huyo angekuwa ng'ombe tungeshakunywa supu." Kisha maadui ishirini wakamvamia mmoja mmoja, wamepanga foleni kama wako mashineni kusaga. Hakuna aliyecheka. Zamani wanaume walikuwa wanaacha kutazama picha wanageuka kutusikiliza sisi wanawake wawili. Mwenye video alikuwa analalamika kwamba tunamharibia biashara, halafu tukitoka anasimama mlangoni anauliza, "Haya, akina mama, safi au fifi?" Na wewe unamjibu huku unajifunga kanga, "Fifi, baba. Hata ya kujazia mto haifai."

Hukuwahi kusema safi hata siku moja. Nilikuwa najivunia hilo. Nilijua kuna mtu mmoja duniani anayeona ninachokiona.

Sasa sikiliza kilichonikuta matangani kwako. Nilikuwa jikoni nasonga ugali wa wageni. Holo, mke wa kaka yako, kakaa pembeni anasimulia ile miezi miwili uliyougulia kwake Nyashimo ili uwe karibu na barabara ya kwenda hospitali Mwanza. Akasema, "Wifi yangu alikuwa mwepesi wa machozi. Picha ikiwa ya huzuni tunalia wote mpaka tunaazimana kanga." Mwiko ukanisimama mkononi. Nikamuuliza, wifi yako yupi? Akaniangalia kama nimerukwa na akili.

Nilimchukia palepale, Kabula. Sitakuficha. Miaka yote ile sijaona chozi lako mbele ya picha. Hata tulipomzika Limi wako, na alikuwa na miaka miwili tu, ulilia siku tatu, ukanawa uso, ukarudi shambani, nami nikasema basi, mwenzangu ni mtu wa kufungia machungu moyoni. Nikaheshimu. Kumbe machozi ulikuwa nayo, umeyabeba mpaka Nyashimo ukampa mtu wa miezi miwili, mtu ambaye hata pamba hajui kuichambua. Ningesikia umelala na mume wangu ningeumia kidogo kuliko hivi, na mume wangu mwenyewe unamjua.

Nilikuja kukuona kule mara mbili. Mara zote mbili nilikukuta umelala. Holo alikuwa macho.

Baada ya mavuno nikapata sababu ya kwenda. Nilisema nampelekea viazi vikavu. Uongo, nilikwenda kuona ana nini ambacho mimi sina. Ana televisheni ya rangi, inatumia betri ya gari, na antena imefungwa juu ya mkaratusi mrefu, upepo wa ziwani ukivuma watu wote kwenye kioo wanakuwa wawili wawili. Akanikalisha kwenye kiti chako. Alikitaja hivyo, "Kaa kiti cha wifi," na mimi nikakaa nikiwa na sumu moyoni.

Ilikuwa Jumapili mchana, wanarudia tamthilia ya wiki. Akaniambia mlikuwa hamuikosi. Kabula, hivi kweli? Watu wanne sebuleni, wanaongea habari ya urithi saa nzima, hakuna hata mmoja anayenyanyuka kufanya kazi. Mwishoni mlango unafunguka, wote wanashtuka, muziki unalia, imekwisha, subiri wiki ijayo. Holo akanieleza kilichotokea wiki ile nyingine walipofungua mlango: alikuwa mtumishi, kaleta chai. Na wewe ulikuwa unakaa hapo, umejifunika blanketi, unasubiri mtumishi wa chai. Niliona aibu kwa niaba yako. Niliona wivu pia, maana ningemsubiri nami huyo mtumishi, laiti ungeniita.

Halafu Holo akatoa kanda, akaifuta vumbi kwa kanga, akaiweka kwenye deki. Akasema, "Hii ndiyo aliyokuwa anairudia."

Nikaijua kabla haijatulia kwenye kioo. Ile ya Kihindi, ya mama aliyempoteza mtoto gulioni. Tuliiona wote kibandani, mwaka uliofuata baada ya kumzika Limi. Miaka ishirini inapita, mama mvi zimemkaa kama kamwagiwa unga wa muhogo lakini uso ni wa msichana, na anamtambua mwanawe kwa kovu la moto mkononi. Yule mama anazunguka gulioni analia amevaa viatu virefu, na mimi nikapaza sauti, "Huyu anatafuta mtoto au anatafuta bwana?" Kibanda kizima kikacheka. Ulikuwa na kanga usoni. Nilidhani umekufa kwa kicheko. Tulipotoka mlangoni ukasema fifi kama siku zote, ila hukujifunga kanga, ulikuwa bado umeishika mkononi.

Holo alikuwa analia. Akasema, bila ubaya wowote, "Alikuwa ananiambia, wifi, usije ukamwambia Minza, atanicheka."

Mimi, mwenye jibu la kila steringi, niliitazama picha mpaka mwisho. Yule mama alipolishika lile kovu nilikuona wewe, unashika mkono wa Limi kabla hatujamfunga sanda, na mimi nimesimama pembeni nafikiria niseme nini cha kukuchangamsha. Siku zote nilikuwa nafikiria niseme nini cha kukuchangamsha. Ungenikanya tu, Kabula. Ungenipiga kiwiko.

Holo akaniazima kanga yake. Nikaipokea.

Wivu haujaisha, nisikudanganye. Ningetoa ng'ombe wangu wote wawili nipate ile miezi miwili yake. Lakini nimemwalika aje Bariadi msimu wa kuchambua, nitamfundisha. Anashika pamba kama anachuma mboga.

Na picha yenyewe, mwenzangu, bado ni fifi. Hapo sibadiliki, hata unitokee ndotoni. Mvi ni za unga na viatu vilikuwa virefu mno. Lakini siku tukionana tutaitazama tena, mimi na wewe, benchi la nyuma, na nakuahidi nitafunga mdomo mpaka wewe utakapomaliza kulia.

Lala, Kabula. Msalimie Limi.

Minza