Hakuna Aliyenizuia Kwenda

Bi Mbeyu mpendwa, asalaam aleikum. Nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujanicheka, kwa sababu najua wengi wanaokuandikia wana waume wakali na wakwe wenye maneno, na mimi langu ni kinyume cha hayo yote, nimezungukwa na watu wema, na wema wao ndio unaoninyima raha.

Mimi ni nesi. Nafanya kazi katika kitengo cha figo kwenye hospitali moja hapa kisiwani, kwa wale wagonjwa wanaokuja kusafishwa damu kwa mashine, na kazi yangu naipenda, wagonjwa wangu nawajua mpaka majina ya wajukuu zao. Naishi Mji wa Kale na mume wangu Taib, ambaye ni mpishi wa shughuli, ukiwa umewahi kula biriani ya harusi mitaa ya kwetu basi huenda umekula mkono wake, na binti yetu Lamis wa miaka kumi, na mavyaa wangu, yaani mamake Taib, ambaye tangu niolewe hajanitolea neno la kuniumiza. Sikimbii shida, Bi Mbeyu, hilo nataka ulijue.

Ila kwa miaka minne nimekuwa nikitafuta kazi ya hospitali ng'ambo, kwa kuwa nataka kujifunza namna wenzetu wanavyomfundisha mgonjwa kujisafishia damu nyumbani kwake mwenyewe, na kwa kuwa mshahara wa huko utamsomesha Lamis popote atakapo, basi nikahangaika na mtihani wa Kiingereza, mara ya kwanza nikaanguka sehemu ya kuandika, nikalia mpaka macho yakavimba, na nilipomaliza kulia nikawakusanya watu wangu wote sebuleni nikawaambia, "Jamani, njia hii ni ngumu. Anayenipenda asinililie wala asinikatishe tamaa." Wakaitikia. Nikarudia mtihani nikapita, nikasajiliwa na baraza la wauguzi la huko, nikahojiwa kwa video pale pale sebuleni huku Taib amesimama kwenye kona ya kichochoro muda wote akigeuza mikokoteni na pikipiki zipite njia nyingine ili nisipigiwe kelele, na majuzi hospitali ya mji mmoja mdogo huko Ayalandi ikaniletea mkataba, na jibu wanalitaka kabla ya mwisho wa mwezi.

Nilipowaambia nyumbani, mavyaa alipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia dirishani, Lamis akauliza kama huko theluji huliwa, na Taib akasema, "Alhamdulillahi," akaingia chumbani, akalishusha sanduku kutoka juu ya kabati, akaanza kulipangusa vumbi. Sanduku, Bi Mbeyu! Hata saini sijatia!

Nilimngoja aulize, "Na mimi je?" Hakuuliza. Kesho yake akarudi kutoka marikiti na soksi nene za sufu, sijui alizipata wapi katika joto hili letu, na siku iliyofuata akawa ananiuliza nitapenda kubeba viungo gani, vya pilau au vya biriani. Nikamwambia, "Taib, hivi wewe huoni kitu?" Akanijibu, "Naona nesi wa Ayalandi," akacheka, akavaa viatu, akatoka.

Lakini kilichonivunja ni cha Alhamisi. Maji yalikatika kazini na mashine zetu haziendi bila maji, wagonjwa wakapangiwa siku nyingine, nikarudi nyumbani alasiri kabla ya wakati wangu. Nikiwa bado kwenye ngazi nikasikia kicheko juu. Nikaingia nikamkuta Taib amekaa mkekani, Lamis mbele yake, anamsuka nywele, na si mzaha, mistari imenyooka sawasawa, na mavyaa pembeni anamwelekeza, "Hapo kaza, hapo legeza," na chai iko tayari, na nguo za shule zimepigwa pasi zimetundikwa. Lamis akaniona akapiga ukelele, "Mama, umetuharibia! Tunafanya mazoezi. Leo tunajifanya wewe umeshakwenda." Wakacheka wote. Mimi pia nikacheka. Kisha nikasema naenda kuanua nguo, nikapanda darini, nikajifunika kanga usoni, nikalia kimya kimya mpaka nikasikia ninaitwa kunywa chai.

Nikamweleza mwenzangu wa kazini, Rispah, ambaye naye anatafuta kazi kama yangu. Mumewe anaitwa Musyoka, yuko bandarini, na tangu asikie habari za ng'ambo hamsemeshi mkewe, anakula chakula amempa mgongo. Rispah aliponisikiliza aliweka chini vitu alivyoshika akanitazama. "Dada Mahfudha, una wazimu? Wako anakupakia sanduku, wangu langu amelificha! Hebu tubadilishane wiki moja." Nilicheka, lakini nakuambia kweli, nilimwonea wivu. Nilitamani na mimi sanduku langu lifichwe.

Sasa nimeshaandika ujumbe wa kuikataa kazi. Sijautuma. Nataka nimwambie Taib kwamba siendi tena nione uso wake utakuwaje. Je, niukubali mkataba niende zangu kwa kuwa hakuna anayejali, au niukatae nibaki na watu ambao wameshanionyesha kwamba bila mimi nywele zinasukwa na chai inachemka? Nisaidie, na ukiichapa barua hii badilisha majina, ingawa haitasaidia kitu, maana mpishi wa biriani mwenye mke nesi wa figo mtaani kwetu ni mmoja tu.

Mahfudha, Mji wa Kale


BI MBEYU ANAJIBU

Waaleikum salaam, Mahfudha. Hilo jina nimekupa mimi. Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyotaka, na nilipofika mwisho nikakucheka.

Kwanza, ule ujumbe ufute. Usiuhifadhi mahali ukisema utautazama kesho. Ufute sasa hivi, gazeti likiwa mkononi. Kazi uliyoitolea jasho miaka minne si kitu cha kumpimia mume. Na je, ukimwambia kwamba huendi, kisha yeye akakuamini? Akisema, "Haya mke wangu, kama umeghairi basi"? Utamlaumu tena kwa kukubali? Maskini mpishi wa watu, hana mlango wa kutokea.

Sikatai kwamba umeumia. Kurudi nyumbani kwako ukawakuta watu wako wanacheka vizuri bila wewe, hilo linaingia ndani, na ningekuwa mimi ningepanda darini vilevile. Ila nataka uisome tena barua yako, pale uliposema uliwakusanya sebuleni. Ulisemaje? Anayenipenda asinililie. Maneno yako hayo. Mtoto wako wakati huo alikuwa mdogo, akakutii. Mavyaa wako, mtu mzima, akakutii. Mumeo akakutii mpaka akaenda kubishana na wasukuma mikokoteni juani. Wameshika amri yako miaka yote hii, leo unawashtaki kwa kuwa macho yao ni makavu!

Na hayo mazoezi ya Alhamisi unayaona ni furaha ya kukuondoa. Mimi nimeyaona vingine. Mwanamume aliyezoea masufuria ya kulisha harusi nzima anakaa mkekani anafundishwa na mamake kusuka nywele za mtoto, kwa nini? Kwa sababu anaogopa itakuwaje siku utakapokuwa haupo. Watu hawajifunzi kwa bidii hivyo kwa jambo wasiloliogopa.

Nina swali, na ulijibu moyoni mwako kabla hujaendelea kusoma. Wewe mwenyewe umewahi kumwambia Taib kwamba unaogopa? Katika barua yote sijaliona neno hilo. Umemngoja aseme yeye, umemtupia mafumbo, "Huoni kitu?" Huyo ni mumeo, si mpiga ramli.

Fanya hivi. Siku Taib asipokuwa na shughuli mtoe nyumbani. Msizungumze jikoni wala mbele ya mamake, maana hapo atafanya mzaha ili mama asihuzunike. Nendeni ufuoni kule Mama Ngina jioni, kaeni mkitazama maji, nunueni mihogo. Anza wewe. Mwambie, "Naogopa," umwambie unaogopa nini hasa, kisha unyamaze. Akikawia kujibu usimsaidie. Mwache atafute.

Mkirudi nyumbani muusome mkataba pamoja, kila ukurasa, na kama kuna neno hamlielewi mtafuteni anayelielewa kabla ya saini, siyo baada. Waandikie hospitali uwaulize, nao wakujibu kwa maandishi: mume na mtoto wanaruhusiwa kukufuata lini na kwa masharti gani, likizo yako ya kwanza ni lini, mwanzoni utalala wapi, na itakuwaje ukitaka kuondoka kabla ya muda kwisha. Mwajiri mzuri hakasiriki kwa maswali hayo. Anayekasirika umeshamjua.

Lamis naye ana haki yake. Ile amri ya kutokulia mwondolee, umwambie kwa kinywa chako.

Na huyo Rispah usimwonee wivu, unamkosea. Mume anayempa mkewe mgongo wakati wa kula hamwonyeshi mapenzi, anamwonyesha mgongo. Mwambie aniandikie, nina maneno na Musyoka.

Baada ya hayo yote, amua. Ukienda, nenda umeshaagana na watu wako kikweli. Ukibaki, baki kwa kuwa hutaki kwenda, wala si kwa sababu hakuna aliyekushika nguo. Uamuzi ni wako, na mimi sitaki kusikia kwamba umeufanya darini chini ya kanga.

Bi Mbeyu


Wiki chache baadaye Mahfudha alituletea ujumbe huu, akaomba uchapwe hapa hapa.

Bi Mbeyu, nimetia saini. Naondoka baada ya Ramadhani, nimewaomba hospitali nifunge kwanza na watu wangu nao wamekubali. Nyumba ya kuanzia nitapewa na hospitali, na Taib na Lamis wataweza kunifuata nitakapokuwa nimeshatulia kazini, hayo wameyaandika. Mavyaa anasema yeye haendi popote kwenye baridi, lakini nimemwona akiulizia bei ya koti.

Nataka nikueleze ilivyokuwa, maana wewe ndiwe uliyenisukuma. Tulikwenda Mama Ngina. Mihogo hatukununua, Taib hali mihogo ya kukaangwa na mtu mwingine, alibeba yake kutoka nyumbani na chupa ya ukwaju. Nikakaa nikatazama meli inaingia bandarini, nikaona nikingoja sitasema, nikasema, "Taib, naogopa. Naogopa mtazoea kukaa bila mimi."

Akaacha kutafuna. Nikanyamaza kama ulivyoniambia, na Bi Mbeyu, kunyamaza huko kulikuwa kazi ngumu kuliko mtihani. Watu wanapita, watoto wanaendesha baiskeli, yeye anaugeuzageuza muhogo mkononi. Halafu akasema, "Siku hizi nakata vitunguu mimi."

Sikumfahamu. Akanieleza. Yeye ni mpishi mkuu, vitunguu vya harusi nzima hukatwa na wasaidizi wake, na yeye kazi yake ni sufuria na moto. Lakini tangu mkataba ufike, kila penye shughuli anawaambia wasaidizi wake wamwachie gunia la vitunguu, anakaa nalo pembeni peke yake, anakata na machozi yanamtoka, na hapana anayemuuliza. "Jumamosi nilikata mpaka vikazidi," akasema. "Bwana harusi amekula biriani tamu kuliko alivyolipia."

Nilicheka, nikalia, nikacheka tena. Nikamwambia, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikataza."

"Nilikuwa na hasira na mtihani, Taib."

"Mimi nitajuaje? Nikikulilia hutakwenda. Na usipokwenda nitakuona kila siku ukisoma habari za wenzako waliokwenda, uso umekuwa hivi." Akanionyesha uso wangu ulivyo, na Mungu anisamehe, alikuwa amenipatia.

Siku ya pili yake tulikaa na Lamis. Nilipomwambia ana ruhusa ya kulia, akauliza kama ni lazima iwe sasa hivi, kwa sababu anataka kwenda kucheza. Akalia siku tatu baadaye, katikati ya hesabu za shule, na tulilia wote wawili mpaka mavyaa akatuletea maji.

Ila nakurudisha kule ufuoni, kwa kuwa kuna kitu nilikitaka na sikuona haya kukiomba. Jua lilikuwa limeshuka na watu wanaanza kuondoka. Nikamwambia, "Taib, niombe nisiende."

"Na mkataba je?"

"Niombe tu. Mara moja."

Akaweka chupa ya ukwaju chini, akajifuta mikono, akanigeukia vizuri kama mtu anayeposa. "Mahfudha," akasema, "mke wangu, usiende."

"Nakwenda," nikamwambia.

"Haya," akasema, akanisogezea muhogo uliobaki. "Basi kula."