Kifungo Ndani ya Kiatu

Mdogo wangu,

Mvua imekatika, na mjukuu wako ameota meno mawili. Mimi nina wageni wa kila Alhamisi: nesi, mfamasia na yule jirani fundi cherehani, aliyefunzwa kutufuatilia sisi wenye sukari. Sijui nani aliwapa jina langu. Wanachungulia hadi kabatini, ndiyo maana kopo la sukari nimelificha uvunguni.

Leo nesi alikichukua kiatu nilichotoka kukivua, akakikung'uta kama askari mpekuzi. Kikadondoka kifungo cha koti, nilichokitafuta tangu Jumapili.

"Mama, umekikanyaga siku nne. Hukukisikia?"

Nikamjibu nilikisikia.

Usiwaambie watoto. Wale wageni watatu bado siwaamini, ila huu mguu wangu ndio siuamini kabisa.

Ni mimi, dada yako